Mama Mkubwa na Kiingereza cha Wajukuu

Hakukipenda Kiingereza, na kwa miaka yote niliyowafundisha wajukuu wake hakukosa kipindi hata kimoja. Nikifika alasiri nilimkuta ameshaketi kwenye godoro la chini nyuma ya kiti changu, mgongo ukutani, miguu ameikunja ndani ya shela lake jeusi, tasbihi mkononi. Hakuelewa neno. Alisikiliza tu, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati akijiuliza itavuja wapi.

Nikamuuliza siku moja, baada ya kumzoea, kwa nini anajisumbua kukaa.

"Ndiyo saa pekee wanayotulia mahali pamoja," alisema. "Wakitulia, nawaona."

Watoto walimwita kwa maneno ya Kiarabu cha Doha ambayo maana yake ni mama mkubwa. Kwetu Taita mama mkubwa ni dada ya mama aliyemtangulia kuzaliwa. Kwao ni nyanya, mama mzaa baba. Mimi nilimwita Yuma, yaani mama, kama alivyoitwa kwa kifupi na kila mtu nyumbani, lakini moyoni alikuwa Mama Mkubwa, na ndivyo nitakavyomtaja. Yeye aliniita Abla, kama wanavyoitwa walimu wa kike. Sidhani aliwahi kulijua jina langu. Lake nililisikia mara moja tu, nilipowasindikiza hospitalini, muuguzi alipolitamka kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja. Hakuitikia. Alikaa vile vile, akiangalia sakafu, mpaka mwanawe alipomshika mkono na kumwinua. Njiani kurudi alisema jina la mwanamke si la kupigiwa kelele kama bei ya samaki. Kwa hiyo sitaliandika.

Nilikwenda Doha katika miaka ile ya elfu mbili na kitu, mji ulipokuwa umejaa vumbi la majengo. Asubuhi nilifundisha chekechea moja mtaa wa Al Sadd, na alasiri dereva alikuja kunichukua kunipeleka Al Rayyan, kwenye nyumba ya familia hii. Nura alikuwa na miaka mitano. Mdogo wake, Jasim, alikuwa bado anatambaa. Baba yao alikuwa amesoma nje, na alikuwa ameweka sheria: watoto wasemeshwe Kiingereza tu, na mama yao, na yaya, na dereva, na yeye mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia aliteseka sana chuoni kwa sababu ya Kiingereza cha kuungaunga, hakutaka wanawe waaibike kama yeye. Kuhusu Kiarabu hakuwa na wasiwasi.

"Kiarabu kiko hewani," alisema. "Watakivuta tu."

Mama Mkubwa alikuwa amekaa pale pale. Mwanawe akamfasiria, naye akajibu bila kuinua macho, jibu ambalo mimi pia nilifasiriwa: "Hewani? Nyumba hii madirisha hayafunguliwi."

Na kweli hayakufunguliwa. Joto la huko hulijui mpaka likupige usoni ukitoka mlangoni. Watu huishi ndani ya baridi ya mashine, vioo vimefungwa, mapazia yameshushwa.

Kuna mambo yaliyonishangaza siku za mwanzo, na mengi yalipitia kwake. Maneno yake wakati huo nilifasiriwa na mke wa mwanawe, mpaka nilipojifunza Kiarabu. La kwanza ni uso wake. Alivaa barakoa, ile ya kale ya wazee wa kule, kitambaa kigumu kinachong'aa kama shaba, kimekaa puani kama mdomo wa mwewe. Rangi yake ya nili huchujia usoni mwa mvaaji, ikamwachia bluu hafifu kwenye mashavu. Nura alipochora familia yake kwenye chekechea ile niliyofundisha, alimweka nyanya katikati, mkubwa kuliko nyumba, na mdomo wa ndege. Mwalimu mwenzangu akauliza huyu ndege ni wa nini. "Si ndege," Nura alisema, "ni Yuma." Nilimpelekea Mama Mkubwa mchoro ule nikiogopa ataudhika. Aliutazama sana. Kisha akauliza kwa nini amemchora bila mikono. Ulibaki umebandikwa juu ya godoro lake mpaka karatasi ilipopauka.

Lakini Jasim, siku moja alipomkuta akitawadha barakoa ikiwa pembeni, alilia kwa hofu. Hakumjua. Mama Mkubwa aliivaa haraka, maji bado yanamchuruzika kidevuni, na mtoto akanyamaza. Tangu hapo hakuivua tena mbele yake.

La pili ni kahawa. Kule kahawa huja kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na ukimaliza hujazwa tena. Mimi nililelewa kuwa mgeni hakatai. Nikanywa, akajaza, nikanywa, akajaza. Wiki nzima nilikuwa siwezi kulala, mpaka mke wa mwanawe aliponionyesha kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo unaporudisha. Siku iliyofuata nikakitikisa. Mama Mkubwa akacheka mpaka tasbihi ikamdondoka.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilitaka kuona utasema basi lini. Mtu asiyejua kusema basi, Abla, wema utamuua kabla ya ubaya."

Hakuwa mtu wa kutabirika. Nilikuwa na kadi za picha za wanyama, na kwenye moja kulikuwa na nguruwe. Kule chekechea mkuu wetu alikuwa amempaka wino mweusi kwenye vitabu vyote, kwa hiyo kadi ile ilipochomoka mbele ya mama huyu mcha Mungu, nikaifunika kwa kiganja. Akanyoosha mkono, akaitaka. Akaiangalia, akaigeuza, akanirudishia.

"Wafundishe," alisema. "Mtu alijue jina la asichokila."

Siku hiyo hiyo alimfokea mpishi kwa sababu chumvi ilizidi kwenye mchuzi, maneno ambayo sikuyaelewa lakini nilimwona mpishi akiyapokea. Jioni nilipopita jikoni nikamkuta amekaa naye sakafuni, wanachambua mchele kwenye sinia moja, kimya, kama dada wawili waliokwisha kusemeshana yote.

Sasa niseme habari ya yaya, kwa sababu nikiiruka nitakuwa nimechora mtu mwingine.

Yaya wa kwanza wa Jasim alikuwa msichana wa Busia, upande wa Uganda. Alikuwa na sheria ile ile ya Kiingereza, lakini nani hubembeleza mtoto kwa lugha ya mtihani? Akiwa naye peke yake alimwimbia na kumsemesha Kiswahili. Mtoto alipoanza kusema, neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa "maji." Alilisema mbele yetu sote, katikati ya kipindi, amenyoosha mkono kwa yaya.

Mama Mkubwa akauliza, "Hicho ni Kiingereza?"

Yaya akadhani mtoto anasifiwa. Akajibu kwa Kiarabu chake cha kubahatisha, uso umejaa furaha: hapana, Yuma, ni lugha yetu, mimi na Abla.

"Maana yake?"

"Maji," akasema, safari hii kwa Kiarabu.

Mama Mkubwa akarudi kwenye tasbihi yake. Mwezi haukuisha, yaya akakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Mwana alifanya alivyoambiwa na mama yake. Ndivyo mambo yalivyokuwa nyumba ile. Msichana alilia jikoni akiwa ameshika begi lake, akiniuliza kosa lake ni nini, nami nikamsaidia kufunga zipu.

Nilimkasirikia yule mama. Wiki mbili nilifundisha bila kumgeukia, na kahawa yake nikainywa kikombe kimoja tu. Jasim naye alilia siku baada ya siku. Hakutaka yaya mpya, Mfilipino mpole, hakutaka mama yake, hakutaka chupa. Kisha siku moja nikafika mapema, nikawakuta uani nyuma ya nyumba. Mama Mkubwa alikuwa akitembea huku na huku katika lile joto, mtoto begani, akimpigapiga mgongoni, akisema kwa sauti ya chini, "Maji. Maji. Maji." Hakuwa na chupa mkononi. Lilikuwa neno pekee lililomtuliza mtoto, basi akalitumia. Aliponiona hakuacha.

Hatukuwahi kulizungumza. Miaka kadhaa baadaye tu, bila kuanzia popote, aliniuliza kama Busia ni mbali na kwetu. Nikasema ni mbali.

"Yule msichana alikuwa na mkono mwepesi kwa watoto," akasema, akageukia mambo mengine.

Kiarabu changu nilikipata kwake. Ulikuwa mpango wake mwenyewe, na aliutangaza kama hakimu: kwa kila neno la Kiingereza ninaloacha nyumbani kwake, nichukue moja la kwake, la sivyo nyumba itainamia upande mmoja. Basi kipindi kikiisha, watoto wakikimbilia michezo yao, mimi nilibaki kwenye godoro. Hakunifundisha Kiarabu cha vitabu, hakuwa amesoma. Alinifundisha neno la upepo wa kaskazini unaoleta vumbi, na neno jingine la upepo ule ule ukishachoka. Neno la maji ya kisima yenye chumvi kidogo lakini yanyweka. Neno la mbuzi anayemkataa mwanawe. Nikikosea alinikatiza kwa mdomo, "tsk," kama anayefukuza kuku, na kunirudisha mwanzo. Wenzangu niliokaa nao Al Sadd, Wakenya wauguzi na wa maofisini, walinicheka. Walisema Kiarabu changu ni cha ajuza, dereva wa teksi akinisikia atanipisha kwa heshima.

Mwanzoni watoto nao walikaa. Nura alikaa mpaka alipofika miaka saba au minane. Alikuwa akinyanyuka kidogo kidogo, leo ana kazi ya shule, kesho ana filamu. Alielewa Kiarabu cha nyumbani: njoo, kula, vaa, nenda kasalimie. Kikizidi hapo macho yake yalipotea. Mama Mkubwa alianza hadithi siku moja, kitu cha mwanamke na kisima, na katikati Nura akanigeukia akauliza kwa Kiingereza, "Teacher, anasema nini?" Nikamfasiria. Mama Mkubwa akasubiri nimalize. Kisha akaimalizia hadithi akinitazama mimi.

Nadhani ni siku hiyo nilipoelewa kwamba maneno yale hakuwa akinipa mimi. Alikuwa akiyaweka kwangu kwa kukosa mwingine.

Aliniuliza pia kuhusu kwetu. Alitaka kujua wanangu wawili wako na nani, nikamwambia wako na mama yangu, Wundanyi.

"Wanazungumza naye kwa lugha gani?"

"Kiswahili, Yuma. Na Kiingereza cha shule."

"Hicho Kiswahili ndiyo lugha ya mama yako?"

"Hapana. Yeye lugha yake ni Kitaita."

Tasbihi ikapita vidoleni punje kadhaa.

"Basi na huko pia," akasema.

Nyuma ya nyumba alifuga mbuzi. Mwanawe aliona haya, kwa sababu majirani walikuwa na mabwawa ya kuogelea mahali penye zizi lake. Aliwaita kwa mlio wa ulimi ambao nilijaribu kuuiga nikashindwa, na walikuja mbio kama wanaodaiwa. Jasim alipokuwa akijifunza majina ya wanyama nilimtoa kule nje akaguse mbuzi wa kweli badala ya picha, na Mama Mkubwa aliridhika na Kiingereza siku hiyo, kwa kuwa kilikuwa kimetoka nje kutafuta chakula.

Mbuzi hao aliwapoteza familia ilipohamia Lusail. Mji ule ulikuwa mpya kabisa, majengo ya vioo yaliyosimama mchangani, na mwanawe alipata nyumba ghorofani inayotazama bahari. Mbuzi walipewa binamu mmoja mwenye shamba. Mama Mkubwa hakupinga. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha kufundisha kwao, watoto walikuwa wakubwa, nikawa naenda sikukuu tu kuwasalimia. Nilipokwenda mara ya kwanza kule juu nikamsifia nyumba. Akanionyesha zulia, kuta nyeupe, vioo kutoka chini mpaka juu.

"Nzuri," akasema. "Lakini sina pa kutemea kokwa ya tende."

Hapo ndipo alipoanza kupungua. Hakuugua ugonjwa wenye jina, mwanzoni. Alikaa tu. Nikimpigia simu alikuwa mfupi wa maneno, na siku moja mwanawe akaniambia amepata kiharusi, upande mmoja umelegea, lakini akili iko.

Mwaka wa mwisho wa mkataba wangu, nikiwa nimeanza kununua mabegi ya kurudi nyumbani kabisa, nilipokea ujumbe kutoka kwa Nura. Alikuwa ameshatimiza miaka kumi na minane. Aliandika kwa Kiingereza chake kizuri, kile nilichokianzisha mimi kwa kadi za picha: Teacher, Yuma anakuulizia. Naondoka Jumapili kwenda chuo Uingereza. Tafadhali njoo kabla.

Nilikwenda alasiri. Mlinzi wa pale chini alikuwa kijana wa Kisii.

"Sasa madam. Unaenda kwa nani?"

Nikamtajia nyumba.

"Kwa yule shosho mzee? Watu huwa hawaendi kwake sana," akasema, akanibonyezea lifti.

Nilimkuta kitandani, kitanda kimesogezwa dirishani. Hakuwa amevaa barakoa. Miaka yote ile sikuwa nimeuona uso wake wote, na nikaona ni uso mdogo, wa kawaida, mashavu yana bluu iliyokataa kutoka. Nura alikuwa ameketi upande wa miguuni, simu imelala mapajani kwake. Walikuwa wamekaa hivyo, nadhani, kwa muda mrefu kabla sijaingia.

"Abla. Kaa katikati," Mama Mkubwa akasema. Sauti ilitoka polepole, upande mmoja wa mdomo.

Nikakaa. Nikamuuliza habari za afya, akazipangusa kwa mkono ule mzima.

"Muulize anacheka nini."

"Nani, Yuma?"

"Huyu. Kila siku namsikia chumbani kwake akicheka na simu. Nyumba nzima haina anayecheka ila yeye. Muulize anacheka nini."

"Mbona humuulizi mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Husema hakuna kitu. Hilo analijua vizuri."

Nikamfasiria Nura. Akawa mwekundu, akaitazama simu kama iliyomchongea. Kisha akaanza. Alisema ana rafiki anayewaiga walimu wao, jinsi wanavyotembea. Akasimama, akaonyesha mwalimu wa hesabu anavyopandisha suruali kabla ya kuandika ubaoni. Mimi nilifasiri, lakini hapo hapakuhitaji sana kufasiriwa. Kifua cha Mama Mkubwa kilianza kutikisika. Nura akaendelea. Akasema mambo mengine ya kuchekesha, na polepole yakaacha kuchekesha. Kwamba anaogopa. Kwamba hajui hata kupika wali. Nilikuwa nikifuata nyuma yake, sentensi kwa sentensi, Kiarabu changu cha ajuza kikinitosha kwa mara nyingine, na Mama Mkubwa alinisikiliza mimi lakini macho yake hayakutoka kwa mtoto.

Halafu Nura akasema, "Muulize kama ananikasirikia."

"Kwa kuondoka?"

"Hapana. Kwa hili." Akanionyesha kwa kidole, mimi, pale nilipokaa katikati yao.

Nilichelewa kuligeuza lile. Nilipoligeuza, Mama Mkubwa alifunga macho kidogo, akayafungua.

"Mwambie mtoto hachagui ziwa analonyonyeshwa."

Nikamwambia. Nura alisogea akaketi karibu na mto, akalaza kichwa pale begani penye uhai. Nikaona ni wakati wa kunyanyuka. Nilikuwa nimeshaaga, nimeshabusu paji la uso la yule mama kama walivyonifundisha, ndipo alipomshika Nura kifundo cha mkono na kumsemesha yeye moja kwa moja, bila kunitazama.

"Wewe ni," alisema, na baada ya hapo neno moja, na baada ya hilo neno, "wangu."

Nura akanigeukia. "Mimi ni nini? Amesema mimi ni nini?"

Sikulijua lile neno. Nilingoja kidogo ndani ya kichwa changu, nikipita upepo wote na visima vyote alivyonipa, na halikuwemo. Nikainama. "Yuma, rudia." Lakini alikuwa amechoka, macho yameshafungwa, pumzi imekuwa nzito na ya taratibu. Usingizi ulikuwa umemchukua.

Ningeweza kutunga. Ningesema ni jicho langu, au ni ini langu, kama wanavyosema kule, na msichana angeondoka nalo Uingereza akiwa ametosheka. Nikamwambia sijui.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Baba yako anarudi lini safari?"

"Kesho jioni."

"Muulize yeye."

Akanisindikiza mpaka kwenye lifti. Hakuzungumza, wala hakunijibu nilipomtakia safari njema. Alitikisa kichwa tu. Nilidhani analia. Mlango wa lifti ulipoanza kufunga ndipo nilipoona midomo yake inacheza. Alikuwa akilirudia lile neno, tena na tena, kwa sauti isiyotoka, asije akalisahau.